Mkataba Unaohuishika

Kazini walimwita Cherehani, na jina lilimkaa barabara. Si kwamba alijua kushona. Sindano ilimshinda tangu utotoni. Ni ule mguu wake wa kulia. Akishaketi tu mezani, mguu huanza: juu, chini, juu, chini, kisigino kikigonga sakafu kama cha fundi mwenye nguo za bi harusi na harusi yenyewe ni kesho. Meza ilitikisika, vikombe vikalia juu ya visahani, na jirani yake, ambaye bado alipenda kuandika kwa kalamu, mstari wake ukaenda upogo.

"Dada, shona polepole," jirani humwambia.

Naye huutuliza mguu kwa muda wa mafunda mawili ya chai, kisha cherehani huanza upya.

Hakuzaliwa hivyo. Mama yake alikuwa akiapa kwamba utotoni mtu aliweza kumsahau kwenye kona na kumkuta palepale jioni, amekunja miguu, anasoma gazeti lililofungiwa sabuni. Mguu ulianza alipoingia kazi ya kamusi, na hasa ulianza alipoelewa mkataba wake.

Kazi yenyewe aliipenda kufa. Walikuwa watu watano katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, wakitunga kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili. Makabati ya kadi yalifika darini, kadi za zamani zilizoandikwa na watu ambao sasa walikuwa marehemu au mabalozi. Chini ya dirisha palikuwa na gereji ya malori, na mafundi wake walijaribu honi kutwa nzima, kiasi kwamba mtu angeweza kuwa katikati ya kutafuta kisawe cha neno "silence", yaani ukimya, akarushwa kitini na mlio wa lori la tani thelathini.

Wote watano waliajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili. Chini kabisa, juu ya mahali pa kutia sahihi, palikuwa na neno moja la Kiingereza: "renewable", unaohuishika. Cherehani alikuwa amekwisha kuutia sahihi mara nne. Kila mara mwezi wa mwisho ulikuwa wa tumbo joto. Barua za kuendelea zilichelewa. Mara moja zilikuja wakati mkataba wa zamani umekwisha kufa na wao wanaendelea kuja kazini kama mizimu. Kwa hiyo maisha yake yalikuwa ya mguu ndani, mguu nje. Hakununua kabati kubwa, maana kabati kubwa halihamishiki. Hakupaka rangi kuta za nyumba ya kupanga. Watoto walipoomba paka, aliwaambia wangoje kwanza.

"Wangoje nini?" mumewe aliuliza.

"Barua."

"Paka anataka barua?"

Mume huyo alikuwa fundi bomba, mtu wa taratibu. Maji yangemwagika nyumba nzima, viatu vinaelea, yeye angeuliza kwanza spana iko wapi. Walioana, watu walisema, kwa sababu Mungu hapendi nyumba yenye vichaa wawili.

Mama yake Cherehani naye aliishi nao, chumba cha nyuma. Alikuwa mjane wa tarishi wa serikali, na katika maisha yake yote alijua maneno matatu tu ya Kiingereza, ambayo aliyatamka kama jina la ukoo: "pamanenti endi penshenabo". Marehemu alipokwenda kuposa, baba mkwe alimuuliza ana nini. Kijana akajivuta, akasema yeye ni pamanenti endi penshenabo. Mzee akauliza hilo ni kabila gani. "Maana yake," kijana akasema, "sifukuzwi mpaka nizeeke, na nikizeeka nitalishwa." Posa ilikubaliwa siku ileile.

"Na wewe, mwanangu, na vitabu vyako vyote," mama humwambia bintiye, "wewe ni nani?"

"Mimi ni renewabo, mama."

"Hiyo nayo ni nini?"

Hapo Cherehani hushika ufagio akafagia pahali palipokwisha kufagiwa.

Basi, ulipofika mwezi wa mwisho wa mkataba wa nne, mambo mawili yalimwangukia kwa siku moja. Asubuhi, Mhariri Mkuu alizunguka mezani akigawa kazi. Alikuwa mzee mwembamba, msahihishaji mkali wa nukta na mikato, ambaye hata salamu aliihariri. Walikuwa wamebakiza viambishi, vile vipande vidogo vinavyoshikishwa mwanzoni au mwishoni mwa maneno. Hakuna aliyevitaka. Neno zima lina sura, lina kwao. Kipande cha neno ni kama mguu wa meza uliookotwa barabarani.

"Wewe chukua '-able'," Mhariri Mkuu akamwambia, "pamoja na mdogo wake '-ible'. Asili, maana, matumizi, mifano. Nukta."

Jioni, mumewe aliporudi hakuvua viatu. Hiyo peke yake ilikuwa habari. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema kwamba mkandarasi anayejenga hospitali kubwa katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima, anamtaka awe msimamizi wa mafundi bomba wote. Ni kazi ya miaka. Kuna shule karibu. Anataka jibu kabla Ijumaa haijaisha.

"Mimi nasema twende," akasema. "Lakini wewe una kazi yako. Barua imekuja?"

"Bado."

"Itakuja?"

Mguu wa Cherehani ukaanza kushona, ingawa alikuwa amesimama.

Kesho yake aliingia kazini kabla ya mfagiaji. Akachomoa kadi zote za maneno yenye mkia ule wa '-able', akazipanga juu ya meza, meza ikajaa, akahamia sakafuni. Jirani yake alimkuta amepiga magoti katikati ya kadi kama mtu aliyepoteza hereni.

Jirani huyo walimwita Padri Nusu. Alikuwa amesoma seminari miaka mingi, akaacha wakati amebakiza hatua chache kupewa daraja, kwa sababu ya binti wa muuza viatu ambaye baadaye aliolewa na mtu mwingine kabisa. Alipoteza upadri, akapoteza na binti, akabaki na Kilatini. Ndiye aliyeandika asili za maneno.

"Nisaidie," Cherehani akamwambia. "Huu mkia umetoka wapi?"

Padri Nusu akavuta kiti, akakikalia kinyumenyume. "Umetoka kwa Warumi. Wao walikuwa na kipande '-bilis'. Wakikishikisha kwenye kitenzi, kitenzi kinageuka kivumishi. 'Amare' ni kupenda. 'Amabilis' ni mtu wa kupendeka. 'Audire' ni kusikia. 'Audibilis' ni cha kusikika."

"Mbona huku 'a', huku 'i'?"

"Inategemea ukoo wa kitenzi. Vitenzi vilivyoishia '-are' vilitoa '-abilis'. Vingine vilitoa '-ibilis'. Wafaransa wakarithi, wakapunguza, na wao kwa vitenzi vyao vilivyo hai wakapendelea 'a' kila mahali. Waingereza wakachukua kwa Wafaransa, wakachukua na kwa Walatini wenyewe, wakavichanganya kwenye gunia moja. Ndiyo maana hata wao huandika wakajikuna kichwa."

"Hakuna kanuni?"

"Ipo ya kukopeshana, si ya kutegemea. Kata mkia, tazama kilichobaki. Ukikata 'washable' unabaki na 'wash', neno zima, linatembea lenyewe. Hapo mara nyingi ni 'a'. Ukikata 'visible' unabaki na 'vis', maiti. Hapo mara nyingi ni 'i'. Lakini kuna wakaidi. Kata 'sensible', unabaki na 'sense' karibu nzima. Kata 'probable', unabaki na maiti. Usiape kwa kanuni hiyo mahakamani."

Cherehani akaandika haraka, penseli ikichimba karatasi. "Na hili neno 'able', la kuweza? Ndilo lilelile?"

"Watu wote hudhani hivyo. Lile limetoka kwa 'habilis', cha kushikika mkononi, na limepita njia yake. Si ndugu wa tumbo moja na huu mkia. Ila wamefanana sura, Waingereza wakawaona wanafanana, wakawafanya ndugu. Tangu hapo wanautia mkia huu kwenye maneno yao ya nyumbani bila kuuliza mtu. 'Drinkable', cha kunyweka. 'Eatable', cha kulika." Akainama, akaokota kadi iliyokuwa karibu na goti la Cherehani, akacheka. "Na hili lako. 'Renewable'. Hili ni chotara. Kichwa cha Kilatini, mkia wa Kilatini, na katikati 'new', Mwingereza mtupu. Amebanwa kati ya wageni wawili."

Honi ikalia nje. Cherehani hakucheka.

Siku ile na iliyofuata alifanya kazi kama anayekimbizwa. Alidhani ataandika mstari mmoja, kwamba mkia huo maana yake ni "inayoweza kufanywa", aende zake. Lakini kadi zilimkatalia. "Washable" sawa, ni nguo inayofulika. "Admirable" je? Si kwamba mtu anaweza kumsifu tu; anastahili sifa. "Payable"? Hapo hakuna hiari tena, lazima ulipe. "Perishable", kama maziwa: hakuna anayeyaharibu, yanaoza yenyewe. "Changeable", kama hali ya hewa, au kama mtu asiyejua atakalo. Na "pensionable" ya marehemu baba yake wala haikutoka kwenye kitenzi. Mkia umebandikwa kwenye nomino, na mtu akaoa kwa ajili yake.

Mkia mmoja, alifikiri akiuma kucha. Unaweza. Unastahili. Ni lazima. Utajifanya wenyewe. Na lake yeye ni lipi kati ya hayo?

Tena akaingia upande wa Kiswahili, akidhani huko angalau ni kwake na atapumzika. Kumbe huko ndiko kulikuwa na mwiba. Kiswahili kina "-ika" na "-eka": njia inapitika, maandishi yanasomeka. Vizuri. Lakini kikombe chembamba huvunjika, na kikombe kilichoanguka kimevunjika. Kipande kilekile kinabeba lile linalowezekana na lile lililokwisha kutokea. Tofauti ni silabi moja tu, "hu" au "me". Aliandika kwenye karatasi: mkataba huhuishika, mkataba umehuishika. Akaikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena mpaka ikachanika.

Nyumbani alisonga huku na huko. Alipanga vyombo, akavipangua. Usiku aligeuka na shuka mpaka mumewe akabaki bila kitu.

"Mama watoto," mumewe akamwambia asubuhi, akivaa ovaroli, "kesho ni Ijumaa. Sikusukumi. Nataka tu kujua."

"Na mimi nataka kujua!" akafoka, kisha akaona haya, akamfunga kifungo cha kola ambacho hakikuhitaji kufungwa.

Mama yake aliyasikia kutoka chumba cha nyuma. "Ngojangoja huumiza matumbo," akasema kwa sauti, kana kwamba anaongea na ukuta.

Hapo Cherehani akapiga moyo konde. Alipofika kazini hakupanda ngazi. Alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi, bwana mnene, mpole, ambaye feni yake ilipuliza kila kitu isipokuwa yeye.

"Kaka, nina swali moja. Mkataba wetu umeandikwa 'renewable'. Maana yake nini?"

Afisa akashangaa. "Dada yangu, si ninyi ndio mnatunga kamusi?"

"Nimekuja kwako."

"Maana yake unaweza kuhuishwa."

"Nani wa kuuhuisha?"

Afisa akatazama dari. "Kuna wafadhili. Kuna bodi. Kuna mkurugenzi."

"Lini?"

"Wakikutana."

"Na wasipokutana?"

"Basi utakuwa bado ni wa kuweza kuhuishwa," afisa akasema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akashusha sauti. "Dada, nikwambie kweli? Hata wangu umeandikwa hivyohivyo. Unakwisha miezi miwili baada ya wenu. Mke wangu ananiuliza kila siku. Mimi humwambia usijali. Lakini mimi mwenyewe, chakula hakipiti."

Wakatazamana. Cherehani alikuwa amekuja na hasira ya kumtosha mtu mzima, na sasa hakuwa na pa kuitua. Akamwambia pole. Akapanda ngazi taratibu, akiona kwamba kumbe hivi ndivyo mkia huu ulivyo tangu kwa Warumi: hutaja jambo, humficha mtendaji. Kitu kinafulika, hujaambiwa nani atafua. Kinapendeka, hujaambiwa nani atapenda.

Mchana alipeleka kazi yake kwa Mhariri Mkuu. Mzee akasoma, kalamu nyekundu ikielea juu ya karatasi kama kunguru. Asili, sawa. Maana zote, sawa. Akapunguza mkato mmoja. Akafika kwenye mifano. Pale pa "renewable" Cherehani alikuwa ameandika: "Mkataba huu unaweza kuhuishwa, lakini si lazima uhuishwe, wala haijulikani na nani."

Kalamu ikatua. Mstari ukapita juu ya nusu ya pili ya sentensi.

"Mzee, mbona umekata?"

"Tunatoa maana. Hatulii."

"Hiyo ndiyo maana yenyewe."

"Maana ni 'unaweza kuhuishwa'. Nukta. Msomaji si mume wako."

"Msomaji ni mtu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wenzake wakainua vichwa kutoka kwenye kadi zao. "Msomaji ataliona neno hili kwenye mkataba wake, afurahi, ajenge maisha juu yake. Sisi ndio tunaojua kwamba halina msingi, halafu tunamkatia sentensi ili ukurasa upendeze!"

Mhariri Mkuu akavua miwani. Bila miwani alikuwa mtu mwingine, mzee aliyechoka, mwenye alama mbili nyekundu puani. "Unadhani mimi silali kwa sababu ya nukta?" akauliza polepole. "Mimi ndiye niliyewaandikia wafadhili, na ninyi wote watano mpo mikononi mwangu. Hawajajibu. Kama ningejua, ningekwambia leo." Akairudisha miwani machoni. "Lakini sentensi ni ndefu."

Alirudi mezani. Alikaa. Padri Nusu alimsogezea chai. Na pale, kabla chai haijapoa, aliamua. Hakuona nuru yoyote, hakusikia sauti. Alichoka tu kuwa neno ambalo mtu mwingine ndiye atakayelimalizia.

Ijumaa asubuhi, mumewe akiwa mlangoni na mfuko wa spana begani, akamwambia, "Kubali."

"Una hakika?"

"Sina. Kubali kabla sijakuuliza maswali."

Mumewe akacheka, akaweka mfuko chini, akampigia mkandarasi simu hapohapo kizingitini.

Jumatatu barua zikaja.

Padri Nusu alicheza katikati ya makabati, mikono juu, kama aliyepata daraja zote kwa mpigo. Mkataba ulikuwa umehuishwa, ila kwa mwaka mmoja badala ya miwili, na neno la chini lilikuwa limebadilishwa. Sasa liliandikwa "extendible", unaorefushika. Wakabishana mezani kama linaandikwa kwa "i" au kwa "a", wakafungua vitabu vitatu, wakakuta yote mawili yapo, na la tatu, "extensible", lipo pia. Walicheka mpaka Mhariri Mkuu akatoka kuwatazama, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Cherehani alicheka nao. Aliishika ile karatasi, kalamu mkononi, na kwa dakika nzima hakujua angefanya nini. Angeweza kumpigia mumewe simu. Angeweza kusema alikosea. Miaka minane ya kadi ilikuwa imemzunguka, na kila kadi alijua droo yake. Akaiweka karatasi chini bila sahihi, akamfuata Mhariri Mkuu ofisini kwake.

"Mzee, nitamaliza '-ible', kisha nitaondoka."

"Tumekupata kwa shida," mzee akasema. Halafu akaongeza, kwa namna ambayo kwake ilikuwa ni kulia, "Nitakupa barua ya sifa. Haitakuwa na mkato hata mmoja wa ziada."

Walihama mwisho wa mwezi. Mama alikaa kiti cha mbele cha lori, amekumbatia saa ya ukutani, akimwelekeza dereva njia ambayo hakuwahi kuipita. Watu huamini kwamba uamuzi ukishafanywa moyo hutulia. Wa Cherehani haukutulia. Wiki za kwanza katika mji ule mpya alikuwa kiguu na njia: mumewe akishakwenda kwenye mabomba yake na watoto shuleni, yeye hutoka, akatembea mtaa hadi mtaa akisoma vibao vya maduka, akisahihisha moyoni. Mara mbili aliota yuko sakafuni kati ya kadi na hazina maandishi. Alijuta, akajuta kwamba anajuta. Kwa mumewe alisema, "Nazoea," na mumewe, ambaye alijua bomba linalovuja hata kabla ya kuona maji, alimwitikia tu, "Haya."

Kazi aliipata kwa mpiga chapa mmoja aliyetaka mtu wa kusahihisha vitabu vya shule. Hakukuwa na neno lolote chini ya mkataba, kwa kuwa hakukuwa na mkataba. Mpiga chapa alimwambia aje kesho, naye akaja, na kesho yake akaja tena. Mashine zilinguruma chumba cha pili. Mama alipouliza hiyo ni kazi ya aina gani, alimjibu, "Ya kwenda, mama," na mama akasema hata mto nao kazi yake ni hiyo.

Nyumba ya kupanga ya kwanza ilikuwa na unyevu, ya pili ilikuwa na mwenye nyumba mwenye maneno. Walipokwenda kutazama ya tatu, nyuma ya karakana ya mbao, mama mwenye nyumba, mjane mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwafungulia vyumba kimoja kimoja. Chumba cha mbele kilikuwa na mwanga mzuri, ila kilinuka rangi ya zamani.

"Mtakaa muda gani?" akauliza. "Sipendi wapangaji wa kupita."

Mume akamtazama mkewe. Cherehani alikwenda dirishani, akasukuma. Dirisha halikusogea. Akasukuma kwa bega; likalia, likakataa.

"Tutakaa," akasema, bila kugeuka, akisukuma bado. "Hili linafunguka kweli?"

"Hufunguka," mama mwenye nyumba akasema. "Zamani lilikuwa linafunguka."

Mumewe alikuwa amekwisha kupiga goti, anatafuta spana mfukoni.